Krediti Kumi na Nane za Annika

Kila siku ilipofika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Annika Tollefson alikuwa ameshavaa koti lake zito na anakula uji wa shayiri akiwa amesimama. Wenzake bwenini walikuwa bado wamelala. Ukutani alikuwa amebandika ratiba aliyoipaka rangi mwenyewe: kemia bluu, biolojia kijani, fizikia nyekundu, hesabu njano, uandishi zambarau. Nafasi nyeupe ilikuwa Jumapili asubuhi tu.

Annika alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Wisconsin, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake. Alitaka kuwa daktari. Ili uombe nafasi katika shule ya udaktari, sharti kwanza umalize miaka minne ya chuo, na ndani yake uwe umesoma sayansi nyingi. Annika alikuwa amejiamulia kuimaliza kwa miaka mitatu.

Mshauri wake, Profesa Ferreira, hakuwa na haraka hiyo. Mwezi wa nane walikaa pamoja wakapanga muhula wa kwanza: kemia, hesabu, uandishi na muziki.

"Muziki, Profesa?" Annika aliuliza.

"Muziki. Unahitaji somo moja lisilokukimbiza."

Annika aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakukubali. Siku ya kwanza ya masomo, mwalimu wa kemia aliuliza ni nani anataka kuwa daktari, na mikono zaidi ya mia mbili ikanyanyuka. Annika aliitazama mikono ile akaingiwa na hofu. Alijiona ameshaachwa nyuma kabla hata hajaanza. Mchana ule ule alifungua kompyuta, akauondoa muziki, akaingiza biolojia na fizikia. Kompyuta haikulalamika. Jumla ilikuwa krediti kumi na nane, yaani vipimo ambavyo chuo hutumia kuonyesha uzito wa masomo, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mwanafunzi huruhusiwa bila saini ya mshauri.

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Maabara huandikwa krediti moja tu, kana kwamba ni jambo dogo. Lakini maabara hula mchana mzima, kuanzia saa saba mpaka saa kumi, na ripoti yake hula mchana mwingine. Annika alikuwa nazo tatu. Alikuwa amehesabu krediti, hakuhesabu saa. Kila mwaka kuna wanafunzi wanaonaswa vivyo hivyo, na kila mmoja hudhani amenaswa peke yake.

"Wewe, jana umekula nini?" aliuliza Junie Baptiste, aliyeishi naye chumba kimoja na aliyekuwa akisomea ualimu.

"Biskuti."

"Na juzi?"

"Biskuti. Lakini zilikuwa za aina nyingine."

"Haya, daktari. Siku nikiugua, nitaomba nitibiwe na mtu anayekula wali."

"Acha masihara, Junie. Nina mtihani wa kemia kesho."

"Wewe kila kesho una mtihani," alisema Junie, akaenda zake kula.

Mchana huo Annika alikuwa na maabara ya fizikia. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: kufunga jiwe kwenye uzi, kulibembeza, na kupima muda linaotumia kwenda na kurudi, kwa nyuzi tano za urefu tofauti. Mwenzake wa maabara alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alikuwa peke yake. Alipomaliza nyuzi tatu alitazama saa, akaikumbuka kemia. Akafungua kitabu, akachukua kanuni, akapiga hesabu ya nyuzi mbili zilizobaki bila kuzipima. Akaandika majibu kana kwamba ameyaona kwa macho yake. Kisha akatoka mbio.

Jumatatu yake mtihani wa kemia ulirudi: hamsini na nne kwa mia. Annika hakuwahi kupata alama kama hiyo maishani mwake, akaikunja karatasi ikawa ndogo kabisa. Kesho yake ikarudi ripoti ya fizikia. Mwalimu wa maabara, kijana mpole aliyeitwa Wendell Pruitt, alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: "Vipimo viwili vya mwisho havina kosa hata kidogo. Njoo tuzungumze."

Annika aliyasoma maandishi hayo mara mbili. Alijua kanuni za chuo. Mwanafunzi akipatikana ametunga vipimo, jambo hilo huandikwa katika faili lake, na shule za udaktari hulisoma.

Jumatano alikwenda kwa Profesa Ferreira. Hakutaja habari ya vipimo. Alisema tu kwamba amechoka. Profesa alichukua karatasi tupu, akachora siku saba, akamwambia aandike saa anazotumia kwa kila kazi, pamoja na kulala, kula na kuoga. Annika aliandika mpaka karatasi ikajaa, na kazi nyingine zikakosa pa kuandikwa.

"Wiki ina saa mia moja sitini na nane," alisema Profesa. "Wewe umepanga mia moja tisini. Hizo za ziada unazitoa wapi?"

Annika alianza kuzihesabu upya, Profesa akamzuia.

"Mwisho wa kuacha somo ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Acha fizikia, utaisoma mwaka ujao. Kwenye matokeo yako itaandikwa kwamba ulijitoa."

"Wa shule za udaktari si wataniona nimeshindwa?"

"Watakuuliza. Utajibu kwamba ulibeba mengi, ukapunguza. Hilo linajibika."

Fomu ilihitaji saini mbili: ya mshauri na ya mwalimu wa maabara. Ijumaa saa tisa Annika alisimama mbele ya meza ya Bwana Pruitt. Naye alikuwa amezungukwa na madaftari ya kusahihisha. Aliichukua fomu, akatia saini, akamrudishia.

"Haya, kila la heri," alisema. Yale maandishi ya wino wa kijani hakuyataja. Pengine alikuwa ameyasahau.

Annika aliishika fomu. Mlango ulikuwa hatua nne nyuma yake. Angetoka, na ripoti ile ingezikwa pamoja na somo lenyewe. Alipiga hatua mbili, akasimama, akageuka.

"Bwana Pruitt, vile vipimo viwili sikuvipima. Nilivitunga."

Pruitt aliweka kalamu chini. "Nilijua. Vipimo vya kweli havinyooki namna ile. Sikujua tu kama utasema." Akaitafuta nafasi ya ripoti ile katika daftari la alama, akaandika sifuri. "Umekuja mwenyewe, kwa hiyo tunaishia hapa. Ungekana, ningeipeleka kwa mkuu wa idara."

Annika aliifikisha fomu ofisini saa kumi na nusu, kisha akampigia baba yake simu. Alimweleza yote, hata yale yaliyomtia aibu, na mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba miaka mitatu haitawezekana.

"Nani alisema mitatu?" aliuliza baba yake.

"Mimi."

"Sisi huku tulikuwa tunahesabu minne tangu mwanzo." Mzee Tollefson alikohoa kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Mwaka ulipozaliwa nilinunua ng'ombe thelathini kwa mpigo. Nilihesabu nafasi zizini, sikuhesabu mikono. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama yako. Tukaanza kuosha viwele vya ng'ombe haraka haraka kabla ya kukamua, huyu tunamwosha, yule tunampangusa tu. Vikavimba kwa uchafu, maziwa yakaharibika, tukayamwaga."

"Ukafanyaje?"

"Nikauza ishirini. Majirani wakasema nimeshindwa, na iliniuma sana. Lakini waliobaki tuliwaosha wote."

Annika alikuwa analia, na hakuficha.

"Kazi ikimzidi mtu, huanza kuifanya nusu na kusema ameimaliza," baba yake aliendelea. "Ukifika hapo, punguza kazi, usipunguze ukweli. Mgonjwa wako hatakuuliza ulisoma miaka mingapi. Atataka kujua kama ulichoandika kwenye faili lake ulikipima kweli."