Kamera ya Siku ya Kupamba

Kabibi alikuwa uani kwake, Mambrui, akikuna nazi. Batuli, binti wa jirani, akabisha hodi.

"Karibu, bi harusi wetu! Kaa hapo kwenye kigoda."

Batuli hakukaa. Alisimama akichezea pembe ya mtandio wake.

"Dada Kabibi, nina ombi. Siku ya kupamba, nikiketishwa mbele ya wanawake, nataka unipige picha wewe."

Kabibi alicheka. Mtaa mzima ulijua anavyopenda kupiga picha. Simu yake ilijaa watoto wa jirani, kuku, na mahamri aliyokuwa akiuza.

"Ombi gani hilo? Nitakuja na simu yangu."

"Simu hapana. Shangazi amekataza."

Jambo hilo Kabibi alilijua vizuri. Mwaka uliopita, bi harusi mmoja alipigwa picha akiwa kichwa wazi, kati ya wanawake wenzake. Kufumba na kufumbua, picha ikafika kwenye simu za wanaume. Aibu iliyoje! Tangu siku hiyo, mlangoni huwekwa kikapu. Kila mwanamke hutia simu yake humo kabla ya kuingia.

"Shangazi amekubali kamera tu," Batuli alisema. "Ile isiyo na mtandao. Na kadi yenye picha itabaki nyumbani kwetu." Akaukunja tena ule mtandio. "Mama haji, dada. Mwajiri wake amemnyima ruhusa."

Mama Batuli alikuwa Maskati, akifanya kazi za ndani. Mwaka wa tatu sasa.

"Picha zisipotoka vizuri," Batuli alisema, "mama hatakuwa ameniona."

Kabibi aliacha kukuna. Yeye pia ni mama. Roho ilimuuma.

"Zitatoka," alisema. "Niachie mimi."

Jumatatu alichukua akiba yake ya mahamri, akaenda Malindi. Dukani, muuzaji alimwonyesha kamera ndogo nyekundu inayong'aa.

"Mama, hii ni megapikseli arobaini na nane! Kubwa kuliko hii hupati. Njoo uijaribu."

Wakatoka nje. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali la Malindi. Kabibi akapiga picha ya tuktuk. Picha ikatoka safi. Kabibi, bila kuuliza swali hata moja, akalipa. Ah, Kabibi! Kitambaa cha gauni hukigeuza mara kumi, hukivuta na kukinusa. Kamera aliitazama rangi tu.

Jioni alimwonyesha mumewe, Mwaro.

"Nyekundu kama pilipili!" Mwaro alisema. "Haya, nipige mimi, bwana harusi wa zamani."

Kabibi alifunga mapazia yote. Siku ya kupamba mapazia hufungwa, mpita njia asichungulie. Akawasha taa, akampiga mumewe picha. Wakaitazama pamoja.

Mwaro hakuwa na macho. Uso ulikuwa ukungu mtupu, umejaa chenga kama unga wa sembe. Kabibi akawasha flashi, akapiga tena. Sasa uso ulikuwa mweupe pe, na nyuma yake giza.

"Huyu si mimi," Mwaro alisema. "Huyu ni marehemu babu."

Kabibi hakucheka. Alikaa chini, machozi yakamtoka. Zilibaki siku tano, na ahadi alikuwa ameshaitoa. Mwaro alimwonea huruma.

"Usilie, mke wangu. Unamkumbuka Bi Hansa, aliyetupiga picha yetu ya ndoa? Studio yake bado iko. Kesho nenda ukamuulize."

Bi Hansa alikuwa mama wa makamo, amevaa sari ya kijani na miwani minene. Amezaliwa Malindi, na kamera amezishika tangu utotoni katika studio ya baba yake, mzee Chandrakant.

"Shikamoo, Bi Hansa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Kabibi akaeleza yote. Bi Hansa akaigeuzageuza ile kamera nyekundu.

"Uliijaribu wapi?"

"Nje ya duka. Saa sita."

"Na kazi yako ni wapi?"

"Ndani. Mapazia yakiwa yamefungwa."

"Basi hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Juani kila kamera hupiga picha nzuri. Ijaribu mahali utakapoitumia."

"Lakini ina megapikseli nyingi!"

"Megapikseli ni ukubwa wa picha tu. Picha mbaya, ukiikuza kama ukuta, ni mbaya kama ukuta." Bi Hansa akacheka, na Kabibi naye akatabasamu. "Kwanza tazama lenzi, hiki kioo cha mbele. Lenzi ni dirisha. Dirisha likiwa dogo, chumba ni giza. Likiwa pana, mwanga huingia tele."

"Nitajuaje kama ni pana?"

"Soma hapa ukingoni. Yako imeandikwa tatu nukta tano." Akatoa kabatini kamera ndogo nyeusi, iliyokwisha kutumika. "Hii ni moja nukta nane. Namba ikiwa ndogo, dirisha ni pana."

"Kumbe! Mimi ningechagua namba kubwa."

"Wengi hufanya hivyo. Pia uliza inavyovuta picha karibu. Ikivuta kwa lenzi yenyewe, picha hubaki safi. Nyingine hukata kipande cha picha na kukikuza tu, ndipo chenga zinapotoka."

Kabibi alikuwa ameshaanza kuuliza bei. Bi Hansa akamshika mkono.

"Ngoja! Umeshasahau? Hii imetumika. Ikague kwanza."

Akampa tochi ndogo. Kabibi akamulika ndani ya lenzi. Akaona nyuzi nyeupe, kama utando wa buibui.

"Huo ni ukungu," Bi Hansa alisema. "Huku kwetu pwani unyevu ni mwingi. Ukungu huota hata ndani ya kamera. Ukiuona, usinunue, hata kwangu."

Akatoa kamera ya pili, nyeusi ya aina ile ile, lakini kioo chake kilikuwa safi. Kabibi alitaka kukipangusa kwa pembe ya leso.

"Wee!" Bi Hansa alipiga kelele. "Leso hiyo imebeba mchanga wa Mambrui mzima! Utakwaruza kioo. Tumia kitambaa laini, kilichofuliwa, cha kazi hii tu. Na kamera uiweke katika mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu."

Kisha Bi Hansa akafunga mlango wa studio na pazia, akawasha taa. Kabibi akampiga picha bila flashi. Kila mkunjo wa sari ulionekana.

"Hata makunyanzi yangu yameonekana," Bi Hansa alisema. "Hiyo ni lenzi!"

Kwa bahati, Kabibi alikuwa bado na risiti na boksi la ile nyekundu. Muuzaji alinuna, lakini aliipokea na kumrudishia pesa zake. Zilitosha kununua ile nyeusi yenye kioo safi.

Siku ya kupamba ikafika. Kikapu kilijaa simu, mapazia yakafungwa, vigelegele vikapaa. Kabibi alimsogeza Batuli karibu na taa. Akabana viwiko ubavuni ili mikono isitikisike, akapiga picha taratibu. Mwishoni aliitoa kadi, akamkabidhi shangazi mkononi.

Baada ya miezi mitatu Mama Batuli alirudi. Kabibi aliitwa nyumbani kwao. Picha zilikuwa zimechapwa na kutiwa kwenye albamu. Mama Batuli alifunua kurasa polepole. Alifika kwenye picha ya Batuli akiwa ameinua viganja mbele ya uso, maua ya hina yakielekea kwenye kamera. Akaisogeza karibu na macho. Hakufunua ukurasa mwingine.

"Kuna nini, mama?" Kabibi aliuliza.

Mama Batuli alionyesha kwa kidole. Katikati ya maua, kwa herufi ndogo sana, aliyempaka hina alikuwa ameandika neno moja: Mama. Kabibi mwenyewe hakuwa ameliona siku ile.

"Nilimwomba aliandike," Batuli alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka uwe nami."

Mama Batuli akavishika viganja vya mwanawe, akavifungua. Hina ilikuwa imefutika zamani. Akavibusu vivyo hivyo vitupu, akalia.

"Nimekuona, mwanangu," alisema. "Wallahi, nimekuona."