Daraja Lililoanzwa Mapema

Kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtaroni. Ulifika hadi madirishani, na nyumba zikaonekana kama zinaelea. Ndani ya ukungu huo, sauti mbili za wazee zilitafutana.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Salama, dada! Na wewe?"

"Miguu ndiyo imegoma. Mimi mwenyewe sijambo!"

Dada alikaa ng'ambo hii ya mtaro, mdogo wake ng'ambo ile. Mvua kubwa ilikuwa imelisomba daraja la mbao. Vijana waliruka. Wengine walizunguka mbali, kwa barabara kuu. Yule dada hakuweza kuruka wala kuzunguka.

Mwanawe alikuwa seremala. Mtaa mzima ulimwita Pima, kwa sababu hakukata ubao kabla ya kuupima mara mbili. Asubuhi moja mama yake alimwambia, huku akiutazama ukungu:

"Mwanangu, nimeota nakwenda kwa mama yako mdogo. Nilikanyaga ukungu huu, nao haukubonyea. Macho yake yanafifia. Nataka anione kabla giza halijamfunga."

Maneno hayo yalimwingia Pima. Alikuwa amesikia kwamba halmashauri inatoa ruzuku kwa miradi ya mtaa, yaani fedha za maendeleo zisizorudishwa. Akachora daraja zuri, mbele ya mlango wake kabisa. Akaandika maombi kwa jina lake, akayapeleka. Kisha mikono ikaanza kumwasha. Seremala akishaiona kazi kichwani, hatulii. Kabla jibu halijaja, nguzo mbili zilikuwa zimesimama mtaroni.

Maombi yakakataliwa.

Pima aliketi juu ya maranda, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Jirani yake, msusi, akaja kuchukua kiti alichotengenezewa. Mama huyu aliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi kilicholeta bomba la maji kwa ruzuku. Alisikiliza kisa chote, akacheka.

"Jirani, ubao unaupima mara mbili. Kuuliza hata mara moja hukuuliza!"

"Cheka tu. Kwani daraja si la faida kwa wote?"

"Ni la wote, lakini umeliomba peke yako. Ruzuku hii hapewi mtu mmoja, hupewa kikundi cha wakazi. Tukutane kwanza. Tukubaliane tunataka nini, na wapi. Tuchague viongozi, tuandikishe kikundi, tufungue akaunti."

"Na nguzo zangu je?"

"Hizo ndizo zilizokuponza. Hawalipii kazi iliyokwisha kuanza. Mhandisi wao lazima apaone mahali kwanza. Umefanya harusi kabla ya posa, Pima!" Kisha akasema kwa upole, "Kila halmashauri ina masharti yake. Twende kwa afisa maendeleo ya jamii. Kumuuliza ni bure."

Afisa aliwaeleza yale yale. Majirani wakakutana uani kwa msusi.

"Kwa nini daraja liwe mlangoni kwa Pima?" akauliza fundi baiskeli. "Anataka kututoza ushuru?"

Watu wakaangua kicheko. Mwishowe walichagua kona ya chini, penye udongo mgumu, panapofikika kwa wote. Kwa Pima haikuwa rahisi. Zile nguzo zilikuwa jasho lake.

Jioni alimwambia mama yake. Mama akamgusa bega.

"Mwanangu, mimi sikuota mlango wako. Niliota kufika."

Kesho yake Pima alizing'oa nguzo kwa mikono yake.

Kikundi kiliomba upya. Wakazi waliahidi kuchimba na kubeba mawe. Walilinganisha bei za maduka mbalimbali kabla ya kuandika gharama. Mhandisi alikuja, akataka daraja liinuliwe zaidi na liwekwe vishikio. Kusubiri kulikuwa kurefu. Kila asubuhi mama aliita, na sauti ya ng'ambo ilizidi kuwa ndogo. Mikono ilimwasha tena Pima, lakini safari hii aliitia mifukoni.

Ruzuku ilipoingia, kazi ikaanza. Risiti zilibandikwa ukutani kwa msusi, kila apitaye asome. Kila nyumba ikapewa zamu ya kufagia daraja na kulikagua.

Siku lilipofunguliwa, ukungu ulikuwa mzito. Pima alimwongoza mama yake polepole. Maji yalinong'ona chini yao, na vishikio vilikuwa baridi kwa umande. Mama hakuviachia mpaka alipokanyaga udongo wa ng'ambo.

Mdogo wake alikuwa mlangoni. Alinyoosha mikono, akaushika uso wa dada yake, akauelekeza kwenye mwanga. Akautazama kwa muda mrefu, karibu pua zigusane.

"Dada," akasema hatimaye, "umezeeka!"

"Alaa! Na mimi niliambiwa huoni!"

Wakacheka hadi wakashikana wasianguke. Pima akawaacha mlangoni, akafuta macho kwa kiganja chake chenye vumbi la mbao.