Mstari wa Njano Kwenye Bolti

Gari jekundu lilikuwa limeinamisha pua ndani ya shamba la muhogo. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limekwama kabisa. Inspekta Ursule Bolamba alipandisha suruali yake, akavuka mtaro wa barabara ya uwanja wa ndege, akachungulia ndani ya gari. Hakukuwa na maiti. Alishusha pumzi.

Dereva alikuwa ameketi juu ya jiwe, akipangusa damu kidogo kwenye kiwiko. Jina lake Yannick. Alikuwa akijizoeza kwa mashindano ya magari ya Jumapili, na breki zikamkatalia kwenye kona.

“Mungu alikushika mkono,” Inspekta alimwambia.

“Mungu alinishika. Papa Eugène ndiye alinisukuma.”

Eugène, fundi wake wa miaka mingi, alisimama kando, mikono kichwani. “Nilikaza, Yannick! Nilikaza!”

“Ulikaza nini? Kamba ya kiatu?”

Ursule alichuchumaa penye gurudumu. Etrie, kile chuma kinachobana diski ya breki, kilikuwa kinaning'inia. Hushikiliwa na bolti mbili. Moja ilikuwa imechomoka na kupotelea njiani, ya pili imepinda.

Yannick alifungua mashtaka papo hapo. Kabla ya adhuhuri Eugène alikuwa mahabusu.

“Faili nyepesi hii, Inspekta,” alisema Adjuda Papy, msaidizi wake. “Fundi alisahau bolti. Kesho asubuhi anaenda parke, huko mwendesha mashtaka atamalizana naye.”

Ursule hakupenda faili nyepesi. Aliagiza Eugène aletwe.

“Ulikaza bolti lini?”

“Jana, mbele ya kula ya muchana. Nilikaza na kle, ile spana yenye inalia tak. Kama haijalia, siachi.”

“Zote?”

“Zote ine, kuume na kushoto. Alafu nilipiga mustari.”

“Mstari gani?”

Eugène alieleza kwa vidole juu ya meza. Kila akimaliza kukaza, huchora mstari kwa rangi ya kucha ya njano, kuanzia kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma kinachoishika. Bolti ikilegea, kichwa huzunguka na mstari hukatika. Hivyo kila asubuhi, kabla gari halijatoka, yeye hulala chini na kuitazama mistari.

“Na leo asubuhi ulitazama?”

“Nilitazama. Mustari yote ilikuwa droit, imenyooka. Nikasema kwa sauti, ‘Bon, iko muzuri, tutoke.’”

“Uligusa kwa kle?”

Eugène aliinamisha kichwa. “Hapana. Mustari haijanidanganya hata siku moja.”

Machozi yalimlengalenga. Ursule alimtazama sana. Mtu huyu alikuwa na heshima moja tu mjini, kwamba gari likitoka mkononi mwake, dereva hurudi kwake salama. Kesho heshima hiyo ingezikwa.

“Papy, gari liko wapi?”

“Limevutwa mpaka hapa uani.”

“Kamata taa.”

Upande wa kushoto haukuwa na jipya. Ursule akahamia upande wa kuume, ule ambao haukuumia. Alijilaza chini, sare na yote, akamulika. Bolti mbili zilikuwepo, na kwenye kila moja mstari wa njano ulikuwa umenyooka, bila kukatika.

“Unaona? Huku alikaza,” alisema Papy.

Ursule alinyoosha kidole, akaigusa bolti. Ikazunguka. Ilizunguka kwa kidole, kama kifuniko cha chupa.

Akacheka. “Papy, ukigeuka ukazunguka mzunguko mzima, unaishia unatazama wapi?”

“Palepale nilipokuwa.”

“Basi na bolti hivyohivyo. Mtu amezilegeza mzunguko mmoja mzima, na mstari ukarudi nyumbani kwake. Eugène alikaza. Kuna mwingine aliyefungua baadaye.”

“Mjanja sana, huyo!”

“Au hajui kitu kabisa,” Ursule alisema polepole. “Hilo ndilo sijalijua bado.”

Walipanda pikipiki mpaka kwa Yannick, katika komini ya Tshopo. Gari lilikuwa likilazwa ndani ya ua huo, na ufunguo wa geti ulikuwa na watu watatu tu, Yannick, Eugène na mke wa Yannick. Kle za Eugène zilitundikwa ukutani, nyeusi kwa grisi. Ursule alizishusha moja moja. Kwenye mpini wa ile ya namba kumi na saba, alama za vidole zilikuwa zimegandia kwenye grisi, na ndani yake unga mweupe.

“Chokaa?” Papy aliuliza.

Ursule alinusa. Akakumbuka soko la Mangobo, akina mama na mafungu yao ya udongo mweupe, na wanunuzi wajawazito wakiutafuna kabla hata ya kurudishiwa chenji.

“Mke wa Yannick yuko wapi?”

Jirani alijibu juu ya ukuta wa ua. “Lydie? Ameenda polisi, anapelekea Papa Eugène chakula.”

Papy alikuna kichwa. “Mume anamfunga, mke anamlisha?”

Walimkuta kwenye benchi la mapokezi, mjamzito wa kukaribia kujifungua, kapu la kwanga za muhogo na samaki mapajani. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa udongo. Ursule aliketi karibu naye.

“Lydie, ulitumia kle ya kumi na saba.”

Lydie aliliweka kapu chini. “Nilikuwa nakuja kusema, Mama Inspekta. Tangu muchana niko hapa. Mudomo inakataa.”

“Ulizifungua jana?”

“Muchana, wakati wanaume walienda kununua mafuta ya gari. Nilitia bomba kwa kle ipate nguvu, kama vile Papa Eugène anafanyaka.”

“Kwa nini mzunguko mzima?”

“Nilianza na kidogo. Nikaogopa hataona. Nikasema, acha nizungushe sana, mustari ikatike, aone vizuri, akatae gari isitoke mpaka nizale.” Alijifuta uso kwa kitenge. “Sikurudia kutazama. Asubui nilikuwa jikoni, nikasikia anasema iko muzuri. Nikazani aliona, akakaza tena.”

Yannick alikuwa amefika mlangoni na kuyasikia yote.

“Lydie! Ulitaka nife?”

“Nilitaka usitoke!”

“Si ungeniambia?”

“Nilikuambia mara ngapi? Kila nikianza, unawasha moteri.”

Yannick aliingia ndani. Kisha alipiga magoti mbele ya benchi, na akabaki hapo.

Ursule aliandika ukweli wote, bila kupunguza. Kesho yake mwendesha mashtaka alimwonya Lydie kwa ukali, akamrudisha nyumbani. Lakini kabla ya hapo, jioni ileile Lydie aliyokiri, Yannick aliondoa mashtaka, na Eugène akatoka mahabusu, akaketi, akafungua kapu.

“Samaki hii umepika na majuto, mutoto wangu?”

“Ndiyo, papa.”

“Basi ujute kila siku. Iko tamu.” Alilamba vidole. “Na mimi nimejifunza. Kle kwanza, mustari nyuma.”

Jumapili, akitoka misa, Ursule alipita kwenye ua ule. Gari jekundu lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yametolewa. Eugène alikuwa chini yake na kle: tak. Tak. Lydie aliketi kwenye kiti, akisema na kusema, mkono tumboni. Moteri ilikuwa imezimwa. Yannick alikuwa akisikiliza.