Mama Pacha Si Fundi Viatu

Kwa wiki moja watu watatu walikuwa wamemletea Mama Pacha viatu vibovu. Wa nne alikuja Jumatatu asubuhi, wakati mama anawafunga pacha wake vifungo vya sare. Alikuwa bwana mwenye haraka. Aliweka buti mezani, akasema soli imeachia, ataipitia jioni.

Mama Pacha akamwambia yeye si fundi viatu, ni mpiga picha. Yule bwana akautazama mlango. Nje palikuwa pametundikwa picha kubwa: mikono ya fundi, sindano na kiatu. Akachukua buti lake, akaondoka akinung'unika.

Picha ile Mama Pacha aliipenda kuliko zote, na kila mpita njia aliisifu. Sasa mbona hakuna aliyesema, "Nipige na mimi"? Hakuelewa. Miezi sita iliyopita aliacha kazi ya kupiga pasi kiwandani, akanunua kamera, akajifunza. Kwenye simu aliweka picha kila siku: maua, paka, mvua dirishani, keki ya harusi ya jirani. Watu walibonyeza alama ya moyo. Mioyo ilijaa tele, kazi haikuja.

Sasa msimamizi wa kiwanda alikuwa amempigia simu. Nafasi yake ya zamani iko wazi, jibu linatakiwa Ijumaa. Mama Pacha hakutaka kabisa kurudi kwenye ule mvuke. Lakini alikuwa amekata tamaa. Kamera ilikuwa haijatoka kwenye mkoba kwa siku kumi.

Jioni ile friji iligoma. Akaja jirani yao, fundi wa friji, ambaye mtaa mzima humwita Baridi. Baridi ana maneno mengi kuliko bisibisi, lakini kazi yake anaijua. Akiwa amejikunja nyuma ya friji, alimuuliza Mama Pacha siku hizi anafanya kazi wapi.

"Nilimuuliza shemeji hapa," alisema. "Akaniambia upo tu nyumbani."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. Baba Pacha akajikuna kichwa.

"Mke wangu, mimi mwenyewe sijui niseme nini," alijitetea. "Leo maua, kesho paka. Nilidhani unajiburudisha."

Maneno yale yalimchoma. Kwa dakika nzima alimchukia mumewe, akaichukia kamera, na friji pia. Kama mtu anayelala naye chumba kimoja hajui kazi yake, nani ataijua?

"Lakini nisemeje?" aliuliza. "Nikianza kujisema, si kujigamba huko?"

Baridi akatoka nyuma ya friji, vumbi limemjaa usoni. Akafungua mlango wa friji, akaonyesha karatasi ndogo aliyoibandika mwaka jana. Ilikuwa na jina lake, kazi yake na namba ya simu.

"Hapa pameandikwa mimi hodari?"

"Hapana."

"Pameandikwa natengeneza friji, na napatikana wapi. Kujigamba ni kusema umewapita wenzako. Kujitangaza ni kumwambia mtu unachoweza kumfanyia. Picha yako pale nje inasema viatu. Wewe haikusemi kabisa."

Mama Pacha bado alikuwa njia panda. Atangaze nini, na yeye anapenda kila kitu? Baridi akamuuliza ni picha zipi anapiga bila kuchoka. Akasema ni za watu wakiwa kazini.

"Basi onyesha hizo. Paka apumzike."

Mengine alimweleza huku akikaza skrubu. Mioyo ya simu inafurahisha, lakini haiagizi kazi. Kila picha inayotoka iwe na jina na namba. Mwenye sura aombwe ruhusa kwanza. Mteja aliyeridhika aombwe awaambie wengine wawili watatu.

"Na hamu ikikata?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hukata. Kuna asubuhi nazichukia friji zote duniani. Siku hiyo nafanya jambo dogo tu. Nampigia mteja wa zamani, namuuliza kama friji inapoza. Likishafanyika hilo dogo, naona nimerudi kazini."

Kesho yake mume na mke walikaa kutunga sentensi moja. Baba Pacha aliambiwa aijaribu. "Mke wangu anapiga watu kazini," alisema. Mama Pacha akacheka hadi machozi, mara ya kwanza wiki ile, kisha wakairekebisha. Mama Pacha alimwomba ruhusa yule fundi viatu wa pichani, akaweka mlangoni picha yake nyingine, inayoonyesha uso. Chini aliandika: Mpiga picha. Nakupiga picha ukiwa kazini kwako. Akaongeza namba. Kinyozi wa mtaani naye alipewa picha ya kutundika ukutani, jina na namba ya Mama Pacha vikiwa pembeni.

Hadi Alhamisi mtu mmoja tu alikuwa amepiga simu. Aliuliza bei, akapotea. Mama Pacha hakujua kama mambo yanakwenda au yamekwama. Siku ile alifanya jambo dogo: alimtumia rafiki wa zamani picha tatu.

Ijumaa msimamizi akapiga.

"Nashukuru kunikumbuka, dada, lakini sirudi. Mimi ni mpiga picha. Napiga picha za watu wakiwa kazini kwao."

"Tumefanya kazi pamoja miaka minne," msimamizi alisema, "na haya ndiyo nayasikia leo?"

"Nilianza nilipoondoka. Kosa langu, sikukuambia."

Msimamizi akasema mama yake mzazi anachonga funguo, na mwisho wa mwezi anafunga kibanda, mgongo umekataa. Nyumbani hawana hata picha moja yake akiwa kazini. Je, Mama Pacha anaweza kuja kumpiga?

Alikwenda Jumanne. Mwanzoni yule bibi alificha mikono yake yenye grisi. Mama Pacha akamwomba achonge ufunguo mmoja tu, kama kawaida. Bibi akainama kwenye mashine, akasahau kabisa kwamba anatazamwa.

Picha ilipokuwa tayari, bibi aliisogeza karibu na macho.

"Kumbe nilikuwa nafanya kazi kubwa hivi," alisema. Bintiye, yule msimamizi, akageuka kufuta macho, kisha akaagiza nyingine tatu kwa ajili ya ndugu zake.

Bibi akaigeuza picha, akasoma jina lililoandikwa nyuma.

"Huyu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama," alijibu Mama Pacha. "Hii ni kazi yangu."