Mkono wa Kimeu

Siku ya soko pale Kalundu, mjini Kitui, watu hupitana kwa mabega, na ndivyo Munyao alivyosukumwa hadi kwenye meza ya Wayua. Alivaa buti zenye tope jekundu na shati jeupe lililopigwa pasi. Wayua alitaka kucheka.

"Natafuta fundi wa geji," alisema.

"Umempata."

Munyao akatazama koti lake la bluu na kilemba chake cha rangi ya chungwa. "Nilidhani ni mzee fulani."

"Mzee ni babangu, na aliniachia meza. Leta hiyo kitu."

Ilikuwa geji ya mtungi wa hewa, kipimo cha kuonyesha hewa iliyobaki. Munyao alikuwa mpiga mbizi. Mtu akizama bwawani, Kitui au Makueni, yeye ndiye aliyeitwa kumtoa. Kioo cha geji kilikuwa na ukungu kwa ndani. Wayua hakuwahi kushika geji ya majini, ila za pampu za visima alizijua usingizini. Akaifungua, akaianika juani, akaifunga. Kisha, kama alivyozoea kwa zile za pampu, akakata ncha ya kizibo cha raba kilicho nyuma, ili geji ipumue na joto lisifanye mshale udanganye. Hakufikiria mara mbili.

Wiki tatu zilizofuata waliishi kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Niko Kanyangi, nimetoka majini saa hii."

"Umeoga?"

"Mara tatu."

"Basi kuja. Nimepika muthokoi."

Naye alikuja, kila mara. Wayua alimpenda mzimamzima, hata ile tabia yake ya kunyamaza ghafla katikati ya kicheko.

Kisha Munyao akaitwa Matiliku, kumtafuta mtu aliyeitwa Kimeu, aliyezama bwawani. Kesho yake aliiweka geji mezani kwa Wayua. "Imejaa maji. Tupa." Akaenda zake. Simu hakushika tena, na siku moja tu aliposhika alisema, "Wayua, niache kidogo," huku sauti ya mwanamke ikimuuliza kama atakunywa chai. Watu wa soko wakamalizia: huyo ni Mbithe, mjane wa Kimeu, na Munyao hatoki kwake. Wayua akaitupa geji chini ya meza, akalia wiki nzima.

Miezi miwili baadaye, kwa hasira tu, aliifungua. Mshale ulikuwa umegandia kwenye mia moja kwa kutu, kana kwamba mtungi bado una hewa. Nyuma yake palikuwa na kizibo alichokikata kwa mkono wake mwenyewe. Kule chini majini, pale pa kupumulia ndipo maji yalipoingilia. Tangu hapo kila geji aliyoitengeneza aliiona imesimama kwenye mia. Akimwambia Munyao angempoteza kabisa, na bado akapanda gari kwenda Matiliku.

Alimkuta akitengeneza ua wa Mbithe. Akamwambia yote, amesimama.

Munyao akaketi chini. "Nilimpata Kimeu. Nilimshika mkono. Geji ikasema niko na mia, halafu hewa ikaisha. Nikamwachilia. Alielea siku ya tatu. Nikilala, ule mkono unanishika. Miezi miwili najiita mwoga, namtumikia mjane wake kama kulipa deni. Nilidhani niliogopa nikasoma vibaya."

"Ni mimi, Munyao."

Mbithe alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. "Kwa hivyo ulimfikia?" aliuliza polepole. "Ulimshika?"

"Nilimshika, dada. Niliona aibu kukuambia."

"Mimi nilikuwa nadhani amelala majini siku tatu bila mtu hata kumgusa." Akaweka vikombe chini, akajifunika uso kwa leso, akalia. Wayua akamwomba msamaha. Mbithe akamsukumia kikombe.

Wayua na Munyao waliondoka jua likiwa bado kali. Njiani Munyao alisema, "Wazee wangu wataleta mbuzi wa mahari kwenu, kama bado unanitaka."

"Nakutaka. Na ukiamka ukiwa umeshikwa?"

"Utaniambia hayuko."

"Na nikimwona na mimi?"

Munyao akamshika mkono, akaukaza mpaka ukamuuma, na wakatembea hivyo hadi barabarani.

"Lakini geji zangu usiguse tena," alisema kwa upole.

"Sawa," Wayua akasema. Alikuwa amempata mwanaume wake, na mwanaume huyo hangeiamini kazi ya mikono yake maisha yote. Hakuweza kumlaumu.