Kopo la Kichwa cha Kulungu

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima Orpha aliposhuka chumba cha chini kuchukua chupa ya maharage. Kazi ya dakika mbili tu. Lakini kwenye ngazi ya tatu akasimama.

Kra... tak.

Kra... tak.

Mkono wa mashine ya kujazia baruti kwenye maganda ya risasi ulikuwa unapanda na kushuka. Wenyewe. Na ile harufu... kali, chachu, kama siki iliyoungua. Harufu ya baruti iliyooza.

Mashine ilikuwa ya marehemu mumewe, Clell. Bunduki ilimlipukia usoni mwaka jana, siku ya kwanza ya msimu wa kulungu. Bonde zima likasema baruti ya zamani ndiyo imemuua. Maana Clell alikuwa anaikusanya. Makopo ya viwanda vilivyokufa, anayanunua kwenye nyumba za wafiwa, anayanusa kama mtu anayenusa mkate wa moto. Alilolipenda kuliko yote lilikuwa na picha ya kichwa cha kulungu.

Na alikuwa na sheria moja. Kopo likitoka nje ya nyumba, halirudi rafuni bila utepe: limeazimwa na nani, limerudi lini. Lisilo na utepe linamwagwa bustanini, liwe mbolea.

Wakati ule Orpha hakujua kusoma wala kuandika. Sasa anajua. Mwaka huu alikwenda darasa la kusoma pale maktaba na wenzake wenye mvi, mpaka akaweza kulisoma daftari la Clell, herufi kwa herufi. Mstari wa mwisho ulisema hivi:

"Nimejaza ishirini. Nimemaliza ndipo naona kopo la kulungu ni zito kuliko nilivyoliacha. Utepe hakuna. Nikirudi nitamuuliza Orpha."

Hakurudi.

Jibu Orpha alikuwa nalo. Dewitt, rafiki wa Clell, ndiye aliyeliazima Clell akiwa kazini. Wiki ileile mahakama ilikuwa imempa Clell msitu wa mlimani ambao yeye na Dewitt waliugombania. Dewitt akalirudisha kesho yake, anacheka. "Weka tu rafuni, shemeji. Baruti ni ileile. Usimwambie, ni utani wetu." Orpha akaliweka. Akasahau.

Mashine ikanyamaza. Orpha akafungua boksi la zile risasi. Clell alipiga moja, zikabaki kumi na tisa, mwaka mzima.

Jioni hii zilikuwa ishirini.

Ya ishirini ilikuwa ya moto. Juu ya boksi, utepe mpya, mwandiko wa Clell: DEWITT.

Orpha akapanda juu na boksi na kopo. Akampigia simu Dewitt aje alichukue lile kopo alilokuwa anamsumbua kwa kuliomba. Saa haikupita, Dewitt akaingia jikoni.

"Shemeji! Bado unakula maharage ya chupa? Utaota mizizi!"

"Pangusa buti, Dewitt."

"Kopo liko wapi? Nikalitupe mtoni, lisije likaua na mwingine."

"Umeliomba mara tatu. Unalipenda kweli."

"Nakuonea huruma wewe."

Orpha akasukuma boksi mbele yake. "Clell amekujazia moja. Kutoka kopo ulilonirudishia mkononi."

Dewitt akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Clell amekufa, shemeji."

"Ulisema baruti ni ileile. Bunduki si unayo garini? Toka hapo uani, upige kisiki. Moja tu."

Dewitt akalirudisha boksi kwa kidole.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Baruti ya zamani hiyo..."

"Ya zamani, au uliyoitia wewe?"

Chini ya miguu yao: kra... tak.

Dewitt akawa mweupe kama chumvi. Akanong'ona, "Nani yuko chini?"

"Anayejua kujaza. Mimi sijui."

Alikimbia akaacha kopo, akaacha na kofia. Roho ya Orpha ikatulia kama paka aliyeshiba. Akazihesabu risasi.

Kumi na tisa.

Asubuhi msimu ukafunguliwa, milio ikajaa bondeni. Orpha alikaa barazani na kahawa yake, anasikiliza. Mara, kutoka upande wa Dewitt, mlio mmoja mzito.

Haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa mlio wa chuma kupasuka. Aliwahi kuusikia mara moja.

Orpha akamaliza kahawa.

Polisi walishangaa. Risasi zote za Dewitt zilikuwa mpya, za dukani. Isipokuwa ile moja iliyomuua, ganda lake kuukuu.

Jioni Orpha akashuka kuchukua maharage.

Kra... tak.

Kwenye boksi, ishirini. Utepe mwingine, wino haujakauka. Akausoma kwa kidole, kama alivyofundishwa.

O... R...

Hakuendelea.

"Clell," akanong'ona. "Nilisahau tu. Nilisahau, mume wangu."

Mkono wa mashine ukasimama juu, kama mtu anayesikiliza. Kisha ukashuka polepole.

Tak.

Alipotazama tena, zilikuwa kumi na tisa. Akapekua makabati, viatu, mto wa kulalia. Hakuiona. Zimebaki sehemu mbili hajathubutu kuzipekua: lundo la kuni karibu na jiko, na majivu ndani ya jiko lenyewe.

Theluji imefika madirishani. Orpha anakula maharage ya baridi, amejifunika makoti mawili, analitazama jiko.

Bado hajaliwasha.