Chuku na Sambaza za Jana

Kila alasiri, akitoka shule, Gaju alivua sare na kwenda sokoni Kamembe kumsaidia mama yake kuuza sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu. Maman Gaju alikuwa na mdomo, jamani! "Njooni, wateja! Sambaza zangu zinaruka hata kwenye sufuria!" Watu walicheka, wakanunua.

Siku moja Mwalimu Niyonshuti aliwafundisha darasani tamathali za semi. Tashbihi hulinganisha vitu kwa neno kama "mithili ya". Tashihisi hukipa kisicho mtu tabia za mtu. Chuku hutia chumvi kupita kiasi. Gaju aliipenda chuku kuliko zote, maana aliisikia sokoni tangu akibebwa mgongoni.

Alasiri hiyo mama alikuwa anampeleka mtoto mdogo kupata chanjo, akamwachia Gaju meza. "Za beseni la bluu ni za jana, za kukausha," alionya. "Usimuuzie mtu."

Punde si punde za leo zikaisha. Akaja Mzee Latifu, fundi cherehani, mteja wao wa miaka mingi.

"Mwanangu, hizi ni za leo?"

Gaju akalitazama beseni la bluu. Alitamani mama arudi akute vyombo vitupu, amsifu.

"Za leo, Mzee! Bado zinauliza njia ya kurudi ziwani!"

Mzee akacheka, akazibeba.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake Mzee Latifu alirudi amekunja uso. "Maman Gaju, nyumba nzima tumeumwa tumbo, hata mjukuu wangu. Nami nilikuamini!" Wateja wawili waliosikia hayo wakaenda meza ya jirani.

Mama akamgeukia Gaju, macho yamemtoka.

"Maman, ilikuwa chuku tu," Gaju akasema kwa sauti ndogo. "Mwalimu ametufundisha."

"Eti chuku! Nikisema sambaza zinaruka kwenye sufuria, nani anaamini? Mimi najua, mnunuzi anajua, tunacheka wote. Jana, ukweli ulijulikana na nani?"

"Na mimi peke yangu."

"Basi. Chuku hujulikana na wawili. Ikijulikana na mmoja ni uongo, mwanangu, hata ukiupamba vipi. Na uongo wa chakula unaumiza watu."

Gaju aliona aibu, machozi yakamtoka. Akasimama mbele ya mzee. "Nisamehe, Mzee. Maman hakujua. Nilikudanganya mimi."

Mama akamjazia mzee sambaza mbichi za asubuhi hiyo, bure. Mzee akapokea, lakini hakutabasamu.

Wiki ikapita kabla hajarudi. Jioni moja akasimama mezani, akamtazama Gaju, si mama yake.

"Hizi ni za leo?"

"Hapana, Mzee. Za leo zimekwisha. Hizi ni za jana, tunakausha. Njoo kesho asubuhi."

Mzee Latifu akaweka kikapu chake chini. Kisha akasema, "Basi nitahamia hapa na cherehani yangu, mke wangu na mbuzi wangu wote, mpaka kesho!"

Gaju akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa chuku, na wote wawili waliijua.